Udongo "mtupu" ambao haukuwa mtupu: kwa nini mama mmoja wa Kabare alikataa miche yangu



Leo sitaandika juu ya mbolea wala juu ya mbegu bora, ijapo ndiyo mambo niliyosomea. Nitaandika juu ya historia, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, nyuma tu ya kupata lisansi yangu ya agronomia, nilipata kazi ya miezi sita katika mradi mmoja kwenye vilima vya Kabare, Kivu ya Kusini. Kazi yetu ilikuwa kupambana na mmomonyoko wa udongo. Wenye kuijua Bushi wanajua hali yenyewe: kilima kimesimama kama ukuta, mvua inapiga, na udongo mzuri wa juu unashuka bondeni pamoja na jasho la watu. Tulileta miche ya grevilea na kaliandra, tukaleta na majani ya kupanda kwa mistari ya kukata mteremko. Vyote bure. Mama mmoja, mwenye kulima kipande kisichofika robo ya hekta, alipokea mbegu za maharagi akashukuru. Miche akaiacha pale pale tulipoiweka. Nikamfuata.

— Mama, hii miti itashika udongo wako. Na ni ya bure kabisa.

— Ninajua, mutoto yangu. Lakini huu udongo haiko wangu. Ni wa bwasa. Kama ninapanda muti, mwenye udongo atasema ninataka kumunyanganya. Musimu inayokuja ataniambia: toka.

Masikio yangu yalisikia, kichwa hakikusikia. Jioni ile niliandika katika ripoti kwamba walimaji wengine "bado wanapinga mabadiliko". Maneno hayo tulifundishwa darasani, tukayakuta tena katika kila karatasi ya mradi, na yanapendeza kwa sababu yanaweka kosa lote kwa mtu ambaye hatasoma ripoti.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku ile mama ndiye alikuwa mwalimu. Nilianza kuuliza wazee, nikasoma sheria ambazo katika miaka yote ya agronomia hakuna aliyenifungulia. Neno langu leo ni hili: kilimo cha nchi yetu hakikukwama kwanza juu ya ujinga wa mlimaji. Kilikwama juu ya swali moja ambalo kila serikali tangu 1885 imelijibu kwa faida yake: udongo ni wa nani?

Kalinzi na bwasa

Tuanze na neno la yule mama. Katika Bushi, mtu asiyekuwa na udongo alikuwa na njia mbili kubwa za kuupata.

Ya kwanza ni kalinzi. Mtu anampelekea mwami, ao mkubwa wa kilima, ng'ombe ao mbuzi kadiri ya nguvu yake, mbele ya mashahidi. Anapewa mahali pa kujenga, kulima na kuachia watoto. Si kununua, kwa sababu anabaki chini ya yule aliyempa, na heshima na wajibu fulani vinamfuata. Lakini ni udongo wa maisha. Anazungusha nyumba yake na ndizi, na hizo ndizi zinasema kwa kila mpita njia: hapa kuko mwenyewe.

Ya pili ni bwasa. Hiyo ni kukodi kwa msimu ao kwa mwaka. Unalipa kwa pesa, kwa sehemu ya mavuno, ao kwa siku za kazi katika shamba la mwenye udongo. Unaruhusiwa maharagi, mahindi, viazi. Ndizi hapana, kahawa hapana, miti hapana. Sababu ni ile ile: kinachokaa miaka mingi ardhini ni alama ya mwenye mahali, na mwenye udongo hataki alama ya mtu mwingine kwake.

Sasa tupige hesabu kama maagronomu. Maharagi yanataka miezi mitatu. Kahawa ya arabika inataka karibu miaka mitatu mbele ya kuonja mavuno ya kwanza. Kinkina, ule mti wa kutoa kinini, unangojwa miaka mingi mbele ya kubanduliwa ganda. Mstari wa miti ya kushika udongo unaanza kuonyesha faida nyuma ya misimu kadhaa. Na yule mama alikuwa na msimu mmoja. Kukataa miche ilikuwa ndiyo hesabu sahihi, na mimi mwenye diploma ndiye niliyekosa kujumlisha.

Nisiipambe kalinzi kupita kiasi. Iliwafunga maskini kwa wakubwa, na ilikuwa jambo la wanaume: mama alifika kwenye udongo kupitia mume, na nyuma ya mume kupitia mtoto mwanaume. Lakini swali linabaki. Kama zamani kulikuwa njia ya kupata udongo wa maisha, imekuwa namna gani leo watu wengi hivi wanaishi kwa bwasa? Ndipo historia inaingia.

Neno moja la 1885

Tarehe 1 Julai 1885, dola la mfalme Léopold II lilitoa ordonansi fupi. Ilisema kwamba udongo mtupu, usiokuwa na mtu, uhesabiwe kuwa mali ya Leta. Sentensi hiyo moja ilibeba nchi nzima.

Maana, ni udongo gani ulio mtupu? Mzungu aliyesimama juu ya kilima aliona nyumba na shamba lililolimwa mwaka ule. Vyote vingine kwake vilikuwa pori. Hakuona kwamba lile pori lilikuwa shamba linalopumzika, lililolimwa miaka mitano iliyopita na litakalolimwa tena. Hakuona njia ya ng'ombe, mahali pa kuchuma dawa, msitu wa kuwinda, makaburi. Kwa mlimaji wa Afrika ya kati, kulalisha udongo ndiyo ilikuwa mbolea yenyewe. Sheria ikageuza mbolea yake kuwa mali ya mtu mwingine.

Mwaka 1906 dekreti nyingine ilikubali kwamba udongo wa wenyeji ni ule wanaokaa, wanaolima ao wanaotumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi zao. Kwa karatasi ilikuwa nzuri. Kwa vitendo, kila alipokuja mtu mwenye kampuni, desturi ilipungua na "utupu" uliongezeka. Mwaka 1908 Kongo ikatoka mikononi mwa mfalme na kuwa koloni la Ubelgiji, lakini ile kanuni ya udongo mtupu haikutoka.

Kivu ya plantasio

Kwetu Kivu, jambo hili lilichukua sura ya majani ya chai na kahawa. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, chombo kilichopewa madaraka ya kugawa udongo katika eneo kubwa la Kivu, kwa mfano wa kile kilichokuwa Katanga tangu 1900. Vilima vyetu vina hewa ya baridi, udongo wa volkano sehemu nyingi, mvua ya kutosha. Wazungu walivipenda. Kahawa, chai, kinkina, pareto: vyote vilipanda juu ya vilima. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Wajapani walipokamata Java mwaka 1942, ulimwengu ulikosa kinini, na kinkina ya Kivu ikawa mali kubwa.

Utaona jambo moja hapa. Mimea iliyopandwa na wenye plantasio ni ile ya miaka mingi. Wao walikuwa na karatasi, kwa hiyo walikuwa na kesho. Mlimaji jirani yao alibaki na maharagi na mihogo, juu ya kipande kilichozidi kupungua, na kodi ya kichwa ilipaswa kulipwa kwa pesa. Pesa iko wapi? Kwenye plantasio. Ndivyo wenye udongo walivyokuwa wafanyakazi juu ya udongo uliokuwa wao.

Kulima kwa fimbo

Hapa kuko sehemu ambayo sisi maagronomu tunapaswa kuisoma polepole, kwa sababu ni historia ya kazi yetu.

Mwaka 1917 serikali ya koloni ilianzisha kilimo cha lazima. Kila mwanaume wa kijiji alipaswa kutoa mpaka siku 60 kwa mwaka kwa mimea iliyoamriwa na Leta: pamba mahali pengine, mchele, mihogo. Wakati wa vita ya pili ya dunia siku zile zilipandishwa mpaka 120. Asiyelima alilipa faini ao alifungwa. Mwenye kuja kupima shamba na kuandika majina alikuwa agronomu ao monita wa kilimo. Wazee wa vijiji hawajasahau. Ukifika leo na daftari na kofia ya mradi, mzee anakuangalia kwanza mikono, kisha anakuita "bwana agronomu" kwa sauti ambayo si ya furaha sana.

Mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ile ile niliyokuja kuhubiri, iliwahi kuchimbwa Kivu nzima miaka ya 1940 na 1950. Ilichimbwa kwa amri. Kwa upande wa fundi ilikuwa kazi nzuri. Lakini mlimaji aliiona kama sehemu ya fimbo, na siku fimbo ilipoondoka, mwaka 1960, mitaro mingi iliachwa ikajaa udongo. Hakuna aliyefukia kwa kuchukia udongo wake. Walichukia amri.

Na tusiseme kwamba sayansi ilikosekana. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya koloni, iliundwa mwaka 1933, makao yake Yangambi, kando ya mto Kongo. Kituo cha Mulungu, hapa hapa Kabare, kilikuwa chini yake. Pale Yangambi, mwaka 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha namna unene wa ganda la mbegu ya ngazi unavyorithiwa: ukichanganya mti wa ganda nene na ule usiokuwa na ganda, unapata tenera, mwenye ganda jembamba na mafuta mengi. Leo mashamba makubwa ya Malesia na Indonesia yanasimama juu ya tenera. Siri hiyo ilifunguliwa hapa kwetu. Wao wanauzia dunia mafuta, na sisi huku tunanunua mafuta ya kupika yanayotoka nje.

Nyuma ya vita Wabelgiji walipanua mpango walioita paysannat. Familia zilipangwa juu ya vipande vilivyopimwa kwa mistari, mzunguko wa mimea ukafuatwa, wataalamu wakasimamia. Mavuno yalipanda mahali pengi, tusikatae. Lakini mlimaji wa paysannat alikuwa kama mpangaji katika nyumba iliyopangwa vizuri: mwingine ndiye aliyeamua chumba cha kulala na saa ya kuamka, na karatasi ya nyumba haikuwa kwa jina lake. Wasimamizi walipoenda, mpango ulienda nao.

Uhuru ulikuja, udongo haukurudi

Wengi wetu tunafikiri kwamba uhuru ulirudisha udongo kwa watu. Tuangalie.

Tarehe 7 Juni 1966 ilipita sheria ya Bakajika, kwa jina la mbunge aliyeileta. Ilisema kwamba Kongo inachukua tena haki zake zote juu ya udongo, misitu na madini yaliyogawanywa mbele ya uhuru. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa sababu nchi ilikuwa inajitoa katika mikono ya makampuni. Lakini soma tena: haki zilirudi kwa Leta. Hazikurudi kwa kilima cha Kabare wala kijiji cha Walungu.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo kila mwanafunzi wa kilimo angepaswa kuijua kama anavyojua azoti na fosforo. Kifungu cha 53 kinasema udongo wote ni mali ya Leta peke yake, usiouzika milele. Mtu anaweza kupata tu konsesio, yaani haki ya kuutumia, yenye hati. Kifungu cha 387 kinasema udongo unaokaliwa na wenyeji nao unakuwa udongo wa Leta. Basi haki za wale wenyeji ni zipi? Kifungu cha 389 kinajibu: zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri.

Ordonansi hiyo ilingojwa. Nimezaliwa ikingojwa. Nimeanza masomo ikingojwa, nimeyamaliza ikingojwa. Kwa zaidi ya miaka 40, mamilioni ya walimaji waliishi juu ya udongo ambao haki yake ilisubiri karatasi isiyoandikwa.

Miezi minne nyuma ya ile sheria, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianizasio. Plantasio na maduka ya wageni vikagawanywa kwa Wazaire. Wazaire gani? Wakubwa wa chama, maofisa, ndugu zao. Wengi hawakujua kahawa inakatwa matawi mwezi gani. Plantasio nyingi ziliangukia msituni, na mwaka 1976 serikali ilianza kuwarudishia wenyewe wa kwanza sehemu ya mali. Sijasikia kilima kimoja ambako walimaji waliofukuzwa zamani waliitwa na kuulizwa: huu ulikuwa wenu, mnasemaje?

Kwetu Bushi, sheria ya 1973 ilifungua mlango mwingine. Mkubwa wa kimila aliyepokea kalinzi ya watu sasa aliweza kusaini kwamba kilima ni kitupu, na mtu wa mjini mwenye pesa akapata hati. Sheria inataka uchunguzi ufanyike mbele ya kutoa udongo, wenyeji waulizwe. Kumbe saini moja ya mkubwa ilitosha mara nyingi.

Tate, babu yangu mzaa baba, alikuwa ametoa ng'ombe mmoja kwa kalinzi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuja bwana mmoja na watu wa kupima. Nyumba na ndizi za kuizunguka waliziacha. Udongo wa ng'ambo ya kijito, aliokuwa anaulalisha mwaka ule, ulikuwa mtupu kwa macho yao. Ukawa malisho ya ng'ombe wa yule bwana. Tate alikuwa na mashahidi, mwingine alikuwa na muhuri. Mashahidi wanakufa, muhuri haufi. Baba yangu na ndugu zake walikulia kwa kukodi bwasa juu ya udongo ambao baba yao aliutolea ng'ombe. Jambo hili nililisikia nyumbani tangu utoto. Na hata hivyo, mbele ya yule mama, sikulikumbuka.

Msitu nao ulikuwa na watu

Mali ya asili ilifuata njia ile ile. Mbuga ya Virunga ilianzishwa 1925, ya kwanza katika Afrika. Kahuzi-Biega, mlima tunaouona kutoka Kabare, uliwekwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1970 kwa kulinda masokwe. Mwaka 1975 mipaka yake ilipanuliwa kutoka hekta kama 60,000 mpaka hekta 600,000. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia.

Ndani ya msitu ule walikaa Batwa. Kwa sheria hawakuwa na shamba, hawakuwa na ndizi, hawakuwa na hati: yaani walikuwa kama hawapo. Walitolewa bila udongo mwingine wa maana, na mpaka leo unawaona pembeni ya vijiji vya wengine wakiomba kazi ya siku. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwamba Kongo ilivunja haki zao.

Sisemi kwamba mbuga ni mbaya. Bila mbuga, labda sokwe wangekuwa wamekwisha. Ninasema tu kwamba ni vigumu kumwomba mtu alinde msitu uliotumika kumfukuza. Tangu 2014 dekreti moja inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba msitu wake wenyewe, mpaka hekta 50,000, na kuusimamia kufuatana na desturi. Hapo ninaona mwanga kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza sheria inauliza "nani yuko hapa?" mbele ya kusema "hakuna mtu".

Wimbo wa hekta milioni 80

Tutoke kidogo Kivu, twende mpaka Kinshasa, ambako mipango inaandikwa. Kila hotuba ya kilimo inaanza na wimbo mmoja: Kongo ina hekta milioni 80 za kulima, na sehemu ndogo tu, karibu asilimia 10, ndiyo inayolimwa. Tunaimba darasani, tunaimba kwenye semina. Mimi nami niliimba katika kazi yangu ya mwisho wa masomo.

Siku hizi, nikisikia hesabu hiyo, ninasikia ordonansi ya 1885. Ni nani aliyepita akauliza kila kilima kama kiko kitupu? Katika zile hekta kuko mashamba yanayopumzika, malisho, misitu ya vijiji. Kuko udongo wa tate ng'ambo ya kijito.

Mfano mmoja ni Bukanga-Lonzo. Mwaka 2014 serikali ilifungua pale, kusini-mashariki ya Kinshasa, bustani kubwa ya kilimo cha kisasa juu ya hekta 80,000: matrakta, mbegu, silo. Mahindi yangelisha mji mkuu. Mwaka 2017 kazi ilisimama. Habari za pesa zilifika mpaka mahakamani, siziingii. Mimi swali langu ni la agronomu: zile pesa zingefanya nini mikononi mwa wenyeji wa pale, wanaojua mihogo yao, kama wangekuwa na haki imara, barabara na soko?

Sheria nzuri hazikosekani. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Sheria ya kilimo ya Desemba 2011 inataja haki za wenyeji juu ya udongo wao. Mwaka 2003 nchi za Afrika ziliahidi pale Maputo kutoa asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Na sasa tunaambiwa kwamba udongo utalipiza kisasi juu ya madini. Vizuri. Lakini udongo haulipizi kisasi peke yake. Unahitaji mtu anayejua kwamba mwaka ujao atakuwa bado pale.

"Na vita je?"

Najua wengine mtaniuliza: na vita? Na barabara? Na magonjwa ya mihogo, na kahawa iliyokauka, na bei? Ni kweli. Mtu anayekimbia usiku hana muda wa kupanda mti, hata kama ana hati tatu. Lakini hata vita vyetu vina mizizi katika udongo. Kijana asiyekuwa na shamba, mwenye kuona kilima kizima cha mtu mmoja kikilala, ni rahisi kumpa bunduki na kumwambia: twende tukachukue. Kwa hiyo swali la udongo haliwezi kungoja mpaka amani. Ni sehemu ya amani.

Sisi tufanye nini?

Mimi si mbunge, na wengi wetu hapa hatutakuwa. Lakini tutapewa miradi. Tutasimama mbele ya watu na miche mikononi. Basi mbele ya kugawa kitu chochote, tuulize maswali matatu. Huu udongo ni wa nani? Wewe unao kwa misimu mingapi? Mti ukikua, nani atavuna? Majibu yakiwa mabaya, mche bora wa dunia nzima utafia kando ya njia, na ripoti yetu itamsingizia mlimaji.

Nirudi kwa yule mama. Mwezi wa mwisho wa mkataba wangu nilimwomba twende pamoja kwa mwenye udongo. Alikuwa mzee mmoja, si mtu mbaya. Naye alikuwa na hofu yake, maana aliwaona wapangaji wakigeuka wenyewe, na wenyewe wakigeuka wapangaji. Tulikaa naye mara tatu, na mkubwa wa kijiji na majirani wawili. Mwishoni tuliandika karatasi moja ya Kiswahili, kurasa mbili. Mama atalima miaka mitatu bila kutolewa. Majani ya kushika udongo na kaliandra atapanda kwa mistari. Majani ya mifugo watagawana, na miti yenyewe itabaki ya mwenye udongo. Walitia alama ya dole, kila mmoja akabaki na nakala.

Kahawa hakupanda, kwa sababu miaka mitatu ni siku ya kuanza kuvuna. Grevilea nayo alikataa. Alinieleza bila hasira: "Ile ni ya mutu mwenye kuzeeka hapa." Lakini ile mistari aliipanda, yeye na binti yake, kwa siku mbili, na hakuna mtu aliyemlazimisha.

Ile ripoti yangu ya kwanza bado iko mahali fulani, katika kabati la ofisi fulani, ikisema kwamba yeye anapinga mabadiliko. Siwezi kuifuta. Ndiyo maana nimeandika hii.